Hedmasta kahamishwa katikati ya muhula, kamati haina habari. Basi kamati ya shule iko kwa kazi gani?

#1 Mpakani_Mashariki
Wakuu, salaam.

Niko kwenye kamati ya usimamizi ya shule moja ya msingi ya UPE (mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada) huku mashariki mwa Uganda, nilichaguliwa na wazazi. Juzi tumefika shuleni kwa kikao cha chakula, tukakuta mtu mwingine kakalia kiti cha hedmasta. Wetu kahamishwa. Barua imetoka wilayani Ijumaa, Jumatatu mgeni keshashika funguo. Mwenyekiti wetu habari kaipata kwa mtoto wa darasa la nne (P4) aliyetumwa dukani kwake kununua chumvi.

Hedmasta huyo ndiye aliyeanza kubandika hesabu za hela ya UPE ukutani, nje, mahali ambapo hata mama anayepita na ndoo ya maji anasoma. Karatasi ya manila, kalamu nyeusi: chaki kiasi hiki, mipira kiasi hiki, kukarabati choo kiasi hiki, baki kiasi hiki. Waliomtangulia walibandika pia, ila ndani ya ofisi, nyuma ya mlango.

Hoja yangu ni hii. Shule za serikali zirudishwe mikononi mwa wenyeji. Kamati iwe na neno la mwisho juu ya hedmasta anayekuja na anayeondoka, juu ya matumizi ya ruzuku, na juu ya chakula cha watoto. Wilaya ibaki na ukaguzi. Kampala ibaki na mtaala na mitihani. Mwenye kupinga alete hoja, matusi ayaache nyumbani.

#2 Dereva_wa_Trela
Niko foleni mpakani, mzigo haujapita. Nasoma. Endeleeni.

#3 Mwalimu_wa_P5
Mleta uzi, kabla hujanikabidhi kwa kamati ungeniuliza kwanza.

Nimefundisha shule ambayo mwenyekiti wa kamati alikuwa na duka. Chaki, madaftari, sabuni, vyote vilinunuliwa kwake kwa bei yake, na zile chaki zilikuwa zinavunjika hata tarehe hujamaliza kuandika. Mwenzangu alimrudisha darasa mtoto wa ndugu wa mwenyekiti huyo, kesho yake kikao cha dharura. Wilayani wana mabaya yao, wanachelewesha kila kitu, lakini angalau hawana shemeji katika kila darasa. Mwajiri wangu ni tume ya utumishi ya wilaya na ningependa ibaki hivyo. Siku mtakayompa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na jamaa zake uwezo wa kunifukuza, nitarudi kijijini kulima mihogo.

#4 Nubi_wa_Bombo
@Mwalimu_wa_P5 mihogo yenyewe utailima kwenye ardhi ya nani, kama si ya shemeji wa LC1? 😂

#5 Sheria_Kidogo
Tuanze na sheria, maana uzi huu utakwenda kombo mapema.

Sheria ya Elimu ya 2008 inaitambua kamati ya usimamizi kwa shule za msingi na bodi ya magavana kwa sekondari. Kamati inapitisha bajeti na mipango ya shule, na hedmasta ndiye katibu wake. Kwa hiyo mambo ya hela, mleta uzi, mnayo mamlaka tayari. Mkipitishiwa makaratasi bila kusoma hilo ni lenu.

Kuajiri ni jambo jingine. Walimu wa msingi wanaajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya, wa sekondari na Tume ya Utumishi wa Elimu kule Kampala. Kamati haiajiri wala haihamishi. Hilo halikuanza jana, ni la tangu madaraka yaliposhushwa wilayani miaka ya 1990, Katiba ya 1995 kisha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Walioandika zile sheria walipofikiria "wenyeji" walifikiria wilaya, kijiji hakikuwamo.

#6 Mpakani_Mashariki
@Sheria_Kidogo hapo ndipo penye hoja yangu. Wilaya si mwenyeji. Kutoka kwetu kwenda makao makuu ya wilaya ni bodaboda mbili na siku nzima. Huyo afisa elimu akipita barabarani hamfahamu mzazi hata mmoja. Halafu yeye ndiye anayehamisha hedmasta.

#7 Sheria_Kidogo
Barua ya uhamisho wa hedmasta inatoka kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Afisa elimu anashauri. Tukimlaumu mtu tumlaumu aliyetia saini.

#8 Mpakani_Mashariki
Saini ya CAO, wazo la mwingine. Tunajuana.

#9 Mjukuu_wa_Katekista
Hakuna aliyewataja waanzilishi. Mwenyekiti wa kamati ya shule iliyoanzishwa na Kanisa au na Waislamu hatoki kwa wazazi, anatoka kwenye majina yanayopelekwa na waanzilishi. Shule nyingi za serikali Uganda ni za Wakatoliki, Kanisa la Uganda au Waislamu kwa asili. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, serikali ikachukua uendeshaji, lakini ardhi kwa sehemu kubwa ni ya misheni mpaka leo. Babu yangu alikuwa katekista, aliwafundisha watoto chini ya mwembe kabla serikali haijajua kama kile kijiji kipo. Sasa mnaposema "wenyeji", nani mwenyeji kuliko parokia?

#10 Mama_Kiosk_Arua
Parokia inakuja kwenye kikao hedmasta akiwa wa dhehebu lingine. Choo kikijaa hatuwaoni.

#11 Mjukuu_wa_Katekista
Mama, parokia yetu ndiyo iliyojenga hicho choo.

#12 Mama_Kiosk_Arua
Mwaka gani? 😄

#13 Afande_Mstaafu
Vijana, niwapeleke nyuma kidogo.

Miaka ya 70 na 80 serikali ilikuwa haina kitu. Mshahara wa mwalimu haununui hata sukari ya mwezi. Aliyeshika shule ni PTA, chama cha wazazi na walimu. Sisi wazazi tulikuwa tunamwongezea mwalimu hela, tunanunua mabati, tunachimba vyoo. Hedmasta akileta ujinga, wazazi wanakaa, wanakwenda kumwona mkubwa wa elimu, na mtu anaondoka. Hakuna sheria iliyotupa uwezo huo. Uwezo ulitoka mfukoni.

Ikaja UPE 1996, michango ya PTA ikafutwa, watoto wakajaa mpaka chini ya miti, na wazazi wakasema hii sasa ni shule ya serikali. Tangu hapo bati likiezuliwa na upepo watu wanangoja serikali ije. Shule ilipokuwa inatugharimu ilikuwa yetu.

#14 HesabuTu
UPE ilianza kutekelezwa 1997, Mzee. 1996 ilikuwa ahadi ya kampeni. Na mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia, ndipo baadaye ikafunguliwa kwa wote.

#15 Afande_Mstaafu
Ahadi ya 1996 ndiyo niliyoisikia, niliipigia na kura.

#16 Mwalimu_wa_P5
Afande, watoto ambao wazazi wao hawakuwa na mfuko walikuwa wapi kwenye shule yenu hiyo ya PTA? Mimi nakumbuka. Walikuwa nyumbani wanafukuza ndege kwenye mtama. PTA ilikuwa ya wenye nacho, na wenye nacho ndio waliokuwa "jamii".

#17 Dereva_wa_Trela
Hapo mwalimu kapiga penyewe. Mimi ni mmoja wa wale wa ndege. Niliingia P1 na ndevu zinaanza kuota.

#18 Nubi_wa_Bombo
Ndiyo maana trela unaendesha kwa kukisia vibao 😂😂

#19 HesabuTu
Tuongee hela, maana naona watu wanalilia kijiji kana kwamba hela haijawahi kupotea huko juu.

Kuna uchunguzi maarufu sana uliofanywa hapa kwetu. Walifuatilia ruzuku ya wanafunzi, ile isiyo mishahara, iliyotoka serikali kuu kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani ni asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Nyingine ilikwama njiani, wilayani, na shule nyingi hazikuona hata senti. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa kiasi gani, na kuzitaka shule zibandike ukutani kilichoingia. Ilipofika 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika.

Kwa hiyo ile manila ya hedmasta wa #1 si pambo. Mzazi akijua hela imetoka, hedmasta anakwenda kuidai. Mamlaka ya kijiji nayaona hapo, kwenye kujua, kuliko kwenye kuajiri na kufukuza.

#20 Sheria_Kidogo
@HesabuTu hiyo hadithi naipenda ila inasimuliwa kirahisi mno. Kipindi hichohicho UPE ilianza, wafadhili walikuwa wameishikia serikali fimbo, na mfumo wa kutuma ruzuku wenyewe ukabadilishwa. Wapo watafiti waliosema wazi kwamba gazeti peke yake lisingefanya kazi hiyo. Kule vijijini nani alikuwa anasoma gazeti la Kiingereza 1998?

#21 HesabuTu
Hedmasta. Hedmasta alikuwa anasoma. Anatosha.

#22 Mama_Kiosk_Arua
Nyinyi mnabishana asilimia, mimi niwape kinachotukuta sisi kwenye chakula.

Sheria inasema chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Sawa. Sheria hiyohiyo haitaki shule ya UPE itoze ada, mchango uwe wa hiari. Kwenye shule ya wanangu tulikaa wazazi wenyewe, tukakubaliana kila mtoto alete kilo tano za mahindi na kilo mbili za maharagwe kwa muhula, na hela kidogo ya kinu na kuni. Hakuna aliyetulazimisha. Muhula wa kwanza posho (ugali) ilipikwa, watoto wakabaki mchana, hata utoro ulipungua.

Muhula wa pili theluthi hawakuleta. Tufanyeje? Ukimnyima chakula mtoto wa asiyeleta, anakaa dirishani anawatazama wenzake, na huyo ni mtoto wa jirani yako. Ukimpa, muhula wa tatu hakuna atakayeleta. Kamati ikaamua watoto wa wasioleta warudishwe nyumbani wakaite wazazi. Mzazi mmoja akapeleka malalamiko, mkubwa mmoja akaja na gari na kelele, akasema ni marufuku kumfukuza mtoto wa UPE, mwenye kufanya hivyo atalala ndani. Akaondoka. Sufuria tumeifunika mpaka leo.

Kwa hiyo kwetu wenyeji waliamua, na uamuzi ukavunjwa kwa dakika kumi. Na bado sijui yule mkubwa alikosea wapi, maana kweli mtoto alikuwa anakosa masomo kwa kosa la baba yake.

#23 Mpakani_Mashariki
Mama asante. Sisi nasi tumekwama hapohapo, ndiyo maana kikao kile kilikuwa cha chakula. Tunaambiwa tuwafungie watoto chakula asubuhi. Kiporo cha viazi saa saba mchana kwenye joto hili kina hali gani, jibuni wenyewe.

#24 Wa_Bungoma
Jirani yenu hapa. Kenya walimu wote wa serikali ni wa TSC, tume ya walimu ya taifa, wazazi wako kwenye bodi tu kwa Sheria ya Elimu ya 2013. Kuna kipindi TSC iliwahamisha walimu wakuu kwa makusudi mbali na kaunti za kwao, hoja ikiwa ni kuvunja ukabila na ujamaa. Familia zikatengana, malalamiko yakafika Bungeni, 2022 Bunge likataka sera hiyo iachwe na watu wakaanza kurudishwa. Mimi nilifurahi mwalimu wetu mkuu aliporudi kwao. Aliyekuja badala yake ni binamu wa mwenyekiti wa bodi. Sasa sijui nifurahi tena au vipi.

#25 Kagera_Kwetu
Na huku Tanzania kamati za shule zipo, na tangu Januari 2016 ruzuku ya elimu bila malipo inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwenye makaratasi ni safi. Lakini kuhamisha walimu ni TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) na halmashauri, kamati inasikia kama nyinyi mnavyosikia. Tofauti ni kwamba sisi hatufungui uzi, tunanyamaza.

#26 Nubi_wa_Bombo
Mnanyamaza kwa Kiswahili sanifu.

#27 Afande_Mstaafu
@HesabuTu na @Sheria_Kidogo, mmesahau jambo kubwa. Kodi ya kichwa. Kila mwanamume alilipa, na asiyelipa alilala vichakani chifu akipita. Niliichukia, lakini sehemu ya hela ile ilibaki gombolola (kata) na wilaya, na mtu aliyelipa alikuwa na mdomo wa kuuliza. Ikasimamishwa 2005, uchaguzi ulipokaribia. Tangu hapo wilaya zinaishi kwa ruzuku ya Kampala karibu yote, na ruzuku inakuja ikiwa imeandikwa tayari kazi yake: hii ya chaki, hii ya barabara. Mnataka kijiji kiwe na mamlaka juu ya hela ambayo hata wilaya yenyewe haiwezi kuigusa.

#28 Mwalimu_wa_P5
Kwa hiyo dawa ni kurudisha kodi ya kichwa? Afande gombea na sera hiyo tukuone.

#29 Moroto_Njiapanda
Mimi niko Karamoja, huku hadithi ni tofauti kidogo.

Mwaka 1998 ulianza mpango uitwao ABEK, elimu mbadala kwa Karamoja. Wazee walikaa na wapangaji wakasema wazi: mtoto wetu anachunga, ukimweka darasani saa mbili mpaka saa kumi ng'ombe watakufa. Basi masomo yakawekwa alfajiri kabla ya malisho na jioni baada ya kurudi. Waliofundisha walikuwa watu wa kijiji hichohicho, na waliyofundisha yalianza na mifugo, mazao, afya na amani kabla ya mengine. Wasichana wakaja na wadogo zao mgongoni.

Hapo wenyeji waliamua mambo mazito kuliko hedmasta: saa ya kusoma, mwalimu, na cha kusoma. Lakini uliza upande wa pili. Waalimu wale hawakuwa na vyeti kama wa shule, malipo yao yalikuwa ya kusuasua, na mtoto kuvuka kutoka ABEK kwenda shule ya kawaida na kufika PLE, mtihani wa kumaliza msingi, ilikuwa shughuli. Kuna wazee huku watakwambia ilikuwa shule yao. Kuna vijana watakwambia walipewa shule ya daraja la pili kwa jina la utamaduni.

#30 Sheria_Kidogo
Huu mfano wa Moroto ni mzito kuliko yote. Ahsante.

#31 Binti_wa_Kasese
Nimesoma kimya, sasa niongeze. Kumbukeni korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na zote zikaja kufunguliwa kikamilifu 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kama sisi. Vijiji vya mlimani kwetu havikuwa na mgonjwa tunayemjua, lakini amri ilikuwa moja kwa nchi nzima. Wasichana wangapi walirudi darasani? Kwenye darasa la mdogo wangu viti vya nyuma vilibaki vitupu. Kamati ingeulizwa, ingesema watoto wasome nje, kwa zamu.

#32 Mwalimu_wa_P5
Au kamati ingesema kila mtoto anywe tangawizi na tuendelee. Kuna maamuzi ambayo sitaki yapigiwe kura chini ya mwembe.

#33 Binti_wa_Kasese
Mwalimu, wewe unatuogopa sisi wanakijiji kuliko unavyomwogopa inspekta.

#34 Mwalimu_wa_P5
Inspekta anakuja mara moja akibahatika kupata mafuta ya pikipiki. Nyinyi niko nanyi kila siku. Hesabu mwenyewe.

#35 Mtoto_wa_Mjini
Kampala hapa. Wakubwa wote wanaoamua juu ya shule za UPE watoto wao wako shule za kulipia. Mwalimu wa UPE mwenyewe mtoto wake yuko shule ya kulipia. Wajumbe wa kamati vilevile. @Mpakani_Mashariki kwa heshima, wa kwako wako wapi?

#36 Mpakani_Mashariki
Wawili wako hapahapa kwenye UPE. Mkubwa yuko sekondari ya bweni. Hapo unataka kusemaje?

#37 Mtoto_wa_Mjini
Nataka kusema kwamba mzazi mwenye sauti akishahamisha mtoto, mkutano wa wazazi unabaki na bibi wanaolea wajukuu. Ndio mnaotaka wamhoji hedmasta juu ya bajeti? Kuna nchi wanachagua bodi ya shule kwa kura kabisa, Marekani mfano, na sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye kodi ya nyumba za hapohapo. Matokeo yake mtaa tajiri una shule tajiri. Tukifanya hivyo hapa, Kololo ya matajiri itakuwa na maabara na Amudat kule Karamoja itakuwa na mti.

#38 Mama_Kiosk_Arua
Bibi usiwadharau. Kwenye kikao chetu aliyeuliza mafuta ya taa yalinunuliwa ya nini wakati shule haina taa ni bibi wa wajukuu sita.

#39 Nubi_wa_Bombo
Mimi nataka mamlaka kwenye lugha. Tangu 2007 P1 mpaka P3 wanafundishwa kwa lugha ya eneo. Nani alipiga kura juu ya lugha ya eneo letu? Bombo tuna Kinubi, jirani Kiganda, kambini kwa wanajeshi Kiswahili.

#40 Kagera_Kwetu
Kiswahili si mlishakipitisha?

#41 Sheria_Kidogo
Lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu marekebisho ya 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Walimu wenyewe ndio kitendawili.

#42 Wa_Bungoma
Tuwatumie TSC 😂

#43 Mwalimu_wa_P5
Huo sasa ni uzi mwingine, mtu aufungue. Turudi.

@Mpakani_Mashariki, nina swali. Kamati yenu ilikaa mara ngapi mwaka jana akidi ikiwa imetimia? Mimi naona hedmasta wenu mzuri alikuwa mzuri kwa tabia yake, hamkumfanya nyinyi. Kama kamati ingekuwa ndiyo iliyodai ile manila, hata huyu mgeni angelazimika kuibandika.

#44 Mpakani_Mashariki
Tulikaa. Akidi, siku nyingine ndiyo, siku nyingine tulimfuata mjumbe shambani akatia saini juu ya tangi la pikipiki. Mwalimu, mtu akijua anakwenda kuidhinisha kilichokwisha amuliwa anabaki na jembe lake. Mpe uamuzi wa kweli uone kama hatakuja.

#45 HesabuTu
Au hatakuja vilevile, na atakayekuja ni mwenye duka wa #3. Nani anajua lipi litatangulia.

#46 Mjukuu_wa_Katekista
Mleta uzi, hiyo shule yenu waanzilishi ni akina nani?

#47 Mpakani_Mashariki
Hakuna kanisa wala msikiti. Wazee wa kijiji walichanga ardhi, wakafyatua matofali, serikali ikaja baadaye. Bamba la mawe la ufunguzi lina jina la mkubwa aliyekuja kukata utepe tu.

#48 Sheria_Kidogo
Subiri. Kama jamii ndiyo iliyoanzisha, basi mnaweza kudai nafasi ya mwanzilishi, na hapo mwenyekiti na majina mengine ya kamati mnayapeleka nyinyi. Kuna maandishi? Mihtasari ya zamani, barua ya kukabidhi ardhi, chochote?

#49 Afande_Mstaafu
Maandishi ya miaka ile yako kwenye sanduku la mzee mmoja ambaye watoto wake wanagombania hilo sanduku.

#50 Mpakani_Mashariki
Mihtasari ilikuwa ofisini kwa hedmasta, kwenye kabati la chuma. Kesho naenda kumwona huyu mpya. Ametuma ujumbe kwamba anaitisha mkutano wa wazazi Jumamosi, ajenda ni chakula na "utambulisho".

#51 Mama_Kiosk_Arua
Muulizeni mapema mshahara wa mpishi unatoka wapi. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

#52 Mtoto_wa_Mjini
Na kabla ya utambulisho muulizeni yule aliyehamishwa kapelekwa shule gani. Akiwa kapelekwa kubwa zaidi, hamkuonewa nyinyi, alipandishwa yeye.

#53 Mpakani_Mashariki
Kapelekwa ndogo zaidi. Upande wa pili wa wilaya.

#54 Nubi_wa_Bombo
Aaah.

#55 Dereva_wa_Trela
Mzigo umepita, ila nasimama Jumamosi jioni kusoma ya mkutano. Mleta uzi usitukimbie.